Mandhari ya Maji Si Mali ya Baa

Muulize mtu aliyekwenda jioni kwenye baa mojawapo ya zile zinazotazama maji upande wa Nyali au Tudor, Mombasa, atakusifia mpaka utamani kwenda. Muulize wa pili aliyekwenda wiki hiyo hiyo, meza zile zile, atakwambia amechoma hela zake bure. Wa kwanza ataeleza upepo na jua lililozama nyuma ya Mji wa Kale. Wa pili ataeleza harufu, bili na samaki aliyesubiriwa mpaka njaa ikaisha yenyewe. Nimewasikiliza wengi wa aina zote mbili, wageni wa bara na wenyeji, na naamini wote wanasema kweli.

Sababu ya kwanza ni bahari yenyewe. Mombasa haina mto wa kupita katikati ya mji. Ni kisiwa kilichozungukwa na mikono ya bahari, Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande mwingine, na maji hayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Katika bamvua kubwa, yaani siku za maji makuu wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kina hufika karibu mita 4. Na bamvua ya hapa kwetu ina saa zake: maji hujaa alasiri, kama saa kumi au saa kumi na moja, na jua likizama bado yako juu. Mgeni akiketi saa kumi na mbili anaona maji yanagonga nguzo chini ya miguu yake, mashua inapita, taa zinaanza kuwaka ng'ambo. Anapiga picha, anakunywa kimoja, anaondoka na furaha. Anayekuja saa tatu hukuta maji yameshatoka. Kufikia saa nne kimebaki tope, chupa za plastiki zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko, na harufu inayopanda kila upepo ukilegea.

Harufu hiyo si ya tope tupu. Mji huu una mtandao mdogo wa mabomba ya majitaka, na uchafu usiosafishwa umekuwa ukiingia mkono wa Tudor kwa miaka mingi. Hapo siwezi kumlaumu mwenye baa peke yake. Lakini mwenye baa anajua saa za maji kuliko mgeni yeyote. Jedwali la kujaa na kupwa hupatikana bila taabu, na mvuvi yeyote wa hapo jirani atakusomea kwa kutazama mwezi. Mtu anapopiga simu kuweka meza ya sherehe saa tatu usiku wa bamvua, kumwambia aje saa kumi na moja ni uungwana mdogo tu, na hauna gharama.

Jua nalo lina upande wake. Hoteli za Bamburi na Shanzu zinatazama mashariki, bahari kuu, na jua huzama nyuma ya migongo ya wageni wao. Anayetaka kuliona likizama juu ya maji lazima aje kwenye mikono ya bahari. Ukikaa ng'ambo ya Nyali, Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inakuwa mbele yako na jua nyuma yake. Sijui mahali pengine Kenya penye jioni kama hiyo, na sioni ajabu kwamba watu wako tayari kuilipia.

Malalamiko mengi huanzia kwenye malipo hayo. Menyu imeandika bei ya soda, bei ya bia, bei ya chipsi. Ukifika kwa kamba, kaa au samaki mzima unakuta maneno "bei ya soko". Mgeni anaona haya kuuliza mbele ya aliowaalika. Samaki anapimwa jikoni, bei inajulikana wakati wa bili. Juu yake kuna kodi ya VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2, ambazo pengine hazikuhesabiwa kwenye menyu, kisha ada ya huduma, ambayo wengi hudhani ni ya serikali kumbe ni ya nyumba yenyewe. Mtu aliyepanga elfu tatu anajikuta anatafuta elfu nne na ushei kwenye M-Pesa huku mhudumu amesimama na namba ya till mkononi. Halafu tunashangaa akienda kusimulia kwamba Mombasa ni wezi.

Wenye biashara wana jibu, nami naliona lina uzito. Samaki bei yake hupanda na kushuka. Wakati wa kusi bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki, na kilo ya changu leo si kilo ya wiki iliyopita. Jengo la kando ya bahari linaliwa na chumvi, vyuma vinaota kutu, mbao za sitaha zinabadilishwa kila mara. Na msimu ni mfupi: Desemba, Pasaka na likizo za shule, ambapo wageni huongezeka, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza 2017 na kurahisisha safari ya watu wa Nairobi. Miezi iliyobaki meza nyingi hukaa tupu, na mishahara inadaiwa vilevile.

Yote hayo nayakubali, lakini hakuna hata moja linalomzuia mhudumu kuleta samaki mezani akiwa mbichi, akampima mbele ya mteja na kutaja bei kabla hajaingia motoni. "Mama, huyu ni kilo moja na robo, atakutoka elfu mbili, nimpeleke?" Sentensi hiyo moja ingezima nusu ya ugomvi wa bili. Wauza samaki wa soko la Marikiti hufanya hivyo kila siku wakiwa wamesimama juani.

Kuhusu kuchelewa kwa chakula nitasema machache. Samaki wa kuchoma anataka muda, na vijana wengi wanaohudumu Desemba ni vibarua waliochukuliwa kwa msimu, hawakufundishwa. Mteja akiambiwa mapema kwamba ni dakika arubaini, atasubiri.

Kuna mgeni mwingine ambaye hakualikwa lakini anaishi na baa hiyo kila usiku, naye ni jirani. Sauti juu ya maji haina kizuizi. Spika iliyogeuzwa kuelekea mkono wa bahari inasikika ng'ambo kana kwamba imewekwa dirishani. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, saa ile ile dijei anapoanza kuongeza sauti, Isha imeswaliwa hivi punde na watoto wanalazwa. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliyoizoea kama sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa tano usiku kuwa mwisho wa baa za kawaida. Jirani aliyelala karibu na maji anajua jinsi saa tano hiyo hupita bila mtu kuzima chochote.

Wako wanaotaka baa hizi zifungwe zote, wakisema mji wenye misikiti hii haufai kuuza pombe kwenye kingo zake. Naheshimu imani hiyo, na mimi mwenyewe jioni yangu naona imetimia kwa juisi ya ukwaju. Ila Mombasa imekuwa bandari ya watu wa kila dini kwa karne nyingi, na kijana wa Kisauni anayelipa ada ya shule ya wadogo zake kwa kubeba sinia hapo hana kazi nyingine inayomngoja. Vilevile mvuvi anayewauzia kaa, mwenye tuktuk anayengoja langoni, na mama anayewapelekea ndimu na pilipili.

Tena kuna hoja inayosahaulika. Kwa sehemu kubwa ya ukingo wa Nyali na Kizingo, mtu wa kawaida hakuti njia ya kufika majini. Anakuta kuta za nyumba za watu na milango ya askari. Mara nyingi baa ndiyo mlango pekee uliobaki wazi, unanunua soda na kuketi. Ukiufunga, atakayechukua mahali hapo huenda akawa ukuta mwingine. Bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019, inaonyesha tunachoweza kuwa nacho: familia zinakaa chini ya mibuyu, watoto wanakula mhogo wa pilipili na viazi karai, meli zinapita mlangoni mwa Kilindini, na hakuna anayedaiwa bili kwa kutazama. Ila ni moja, na Jumapili jioni haina pa kukanyaga.

Kwangu mimi mgeni aliyetozwa kwa kushtukizwa na jirani aliyekoseshwa usingizi wanalalamikia jambo moja. Nyumba hizi zimeuza mandhari zikadhani zimemaliza kazi, na mandhari si yao. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lile tope, ile mikoko, ule mwanga wa jua, vyote ni vya mvuvi wa Tudor sawasawa na vya mnywaji. Kitu pekee ambacho baa imekileta hapo ni kiti, jiko, huduma na namna ya kukaa na watu, na ndicho inachostahili kulipiwa.

Leseni za vileo sasa ziko mikononi mwa kaunti na huombwa upya kila mwaka. Ningependa wanaozitoa waulize mambo manne kabla ya kupiga muhuri. Bei zote zimeandikwa pamoja na kodi? Spika zimeelekezwa wapi baada ya saa mbili? Majitaka ya choo na jiko yanakwenda wapi? Na mama mwenye buibui akija na wanawe wanne kunywa juisi, ataonyeshwa meza ya ukingoni au atapelekwa nyuma karibu na jiko? Majibu hayo yabandikwe langoni pamoja na leseni, ili mgeni ayasome kabla ya kuketi na jirani apate pa kushika akienda kulalamika.