Siku Niliyojifungua Matopeni

Gari langu lilikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua: nikitoka kwenye barabara mbaya, kabla sijaingia getini, lazima nirudi nyuma hatua mbili tatu. Si mapepo. Ni habu za otomatiki, yaani vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoliunganisha kila gurudumu na shafti yake. Ukitia fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, zinajifunga zenyewe shafti ikianza kuvuta. Ukitoa fowili, zinagoma kuachia mpaka usimame, urudi nyuma mita moja au mbili kwa mstari ulionyooka. Usipofanya hivyo, unaburuta shafti, difu (gia zinazogawia magurudumu mawili nguvu) na propela ya mbele bure, na gari linakoroma kama mtu aliyelala chali.

Jirani yangu alijipa cheo kwenye zoezi hilo. Akisikia injini tu, anatoka na mswaki mdomoni, anasimama katikati ya njia na kupunga mikono miwili kama anayeongoza ndege: "Rudi! Rudi! Rudi! Haya, zimetoka!" Sikuwahi kumwomba.

Hilo ningelivumilia. Lakini habu zenyewe zilikuwa zimezeeka, na habu ya otomatiki iliyozeeka ni kama mlinzi wa usiku aliyezeeka: yupo kazini, ila huna hakika ni saa ngapi yuko macho. Ukinasa kwenye tope, dawa inayojulikana ni kulisukasuka gari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka lijinasue. Sasa zangu, kila nikibadili mwelekeo, zinaachia kwanza. Zinatafakari. Halafu zinashika tena kwa mlio wa "ka!" ambao mke wangu aliufananisha na goti la babu. Zikija kushika, gari limeshazama inchi nyingine.

Nikaamua kununua habu za mkono.

Habu ya mkono haina akili hata chembe, na hiyo ndiyo sifa yake. Usoni ina swichi ya duara yenye maandishi mawili, FREE na LOCK. Ukiweka LOCK, gurudumu na shafti vinakuwa kitu kimoja. Ukiweka FREE, gurudumu linazunguka kivyake, shafti inapumzika. Ukitaka kubadili, unashuka kwenye gari, unainama, unazungusha kwa vidole vyako mwenyewe, upande huu na upande ule. Haifikirii, haibahatishi. Kosa likitokea, linajulikana ni la nani.

Kifungu hicho cha mwisho sikukipa uzito wakati ule.

Kaka wa mke wangu ni fundi. Yaani, ana boksi la spana. Alipofika Jumamosi asubuhi, aliliangalia gurudumu la mbele muda mrefu, akasema, "Shemeji, hii ni kazi ya saa moja." Tuliwasha taa saa moja usiku tukiwa upande wa kwanza.

Bolti sita za mfuniko zilitoka kwa adabu. Ndani mkatoka springi, vipande vya chuma na grisi nyeusi ya umri wangu. Kisha tukafika kwenye saklipu, ile ringi yenye mwanya inayokaa kwenye mfereji mwishoni mwa shafti ili shafti isizame ndani. Saklipu ina koleo lake maalumu. Shemeji hana. Shemeji ana bisibisi mbili na imani. Akaipanua kwa bisibisi ya kushoto, akaichokonoa kwa ya kulia, akatoa ulimi nje kidogo. Ikasema *ting!* na kutoweka duniani.

Tuliitafuta saa mbili. Tulifagia, tukaogopa tumeifagia, tukachekecha takataka. Tulihamisha matairi, ndoo, meza ya kufanyia kazi za mbao. Shemeji alilala kifudifudi na tochi akimulika chini ya gari, akilalamika kwamba watengenezaji wa siku hizi wanatumia chuma chenye kiherehere. Mke wangu alikuja kuuliza kama tutakula, akasimama, akamwangalia mdogo wake kuanzia miguuni. "Hiyo bangili kwenye kiwiko ni ya nini?" Saklipu ilikuwa imenasa kwenye grisi ya kiwiko chake tangu iliporuka. Alikuwa ameizungusha uwanja mzima.

Ya nati nitayapitia haraka. Habu zangu mpya zilikuja na nati zake za kubana beringi, kwa sababu zile za zamani zilitengenezwa kushikamana na mitambo ya otomatiki. Shemeji alitaka kurudisha za zamani, "bado nzima kabisa hizi." Tukabishana, nikashinda kwa kuwa gari ni langu. Tukabana huku tukizungusha gurudumu ili beringi zikae vizuri, tukalegeza, tukabana tena kidogo, tukalishika tairi juu na chini na kulitikisa. Halikucheza. Hapo tulikuwa mafundi kweli.

Halafu nikaenda kunywa maji, na nyuma yangu shemeji akaijaza habu grisi. Ndani ya habu ya mkono inatakiwa grisi ya kupaka tu, utando mwembamba, maana kuna gia inayoteleza ndani na nje kila unapozungusha swichi. Yeye alishindilia kama anayekandika ukuta. Swichi ikakataa kugeuka. Akachukua koleo. Nikapiga kelele ambayo majirani waliisikia. Swichi ile huzungushwa kwa mkono, ukiingiza koleo unaivunja. Tukafungua tena bolti sita, tukachota grisi kwa kijiko ambacho mpaka leo kinatafutwa jikoni.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku ya maonyesho. Kila aliyepita nilimwita. "Njoo uone. Hii LOCK. Hii FREE. LOCK. FREE." Watoto walijipanga foleni kuzungusha ya upande wa kulia, kwa sababu ndiyo iliyotazama njia. Jirani wa mswaki alikuja, akazungusha mara mbili, akauliza kwa huzuni, "Kwa hiyo kurudi nyuma basi?" Nikamwambia basi, astaafu. Giza likaingia, watu wakatawanyika, nami nikalala usingizi wa mtu aliyefanikiwa.

Jumatatu tukaenda kumchukua mama mkwe, aje kukaa nasi wiki moja. Njia nzima upande wa mbele kulikuwa na mvumo mdogo. Mke wangu akauliza ni nini. Nikamjibu ni habu mpya, zinazoea. Asubuhi palikuwa pakavu. Mchana mvua ikamwagika, na wakati wa kurudi tukakuta mahali pa bonde pamegeuka uji, kama mita 30 hivi.

Mwenye busara hufunga habu kabla ya kuingia kwenye tope, viatu vikiwa bado vikavu. Lakini ukivuka bila kunasa, nani atajua kwamba habu zimefanya kazi? Nilitaka nizame kidogo, kisha nitoke kwa kishindo. Nikaingia nikivuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Kuzama tulizama.

"Msiwe na wasiwasi," nikasema, nikiwageukia. Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe na kikapu chake mapajani, pembeni yake shemeji. "Mama, hapa ndipo penye siri." Nikamweleza kuhusu FREE na LOCK. Nikampa na historia, ambayo hakuiomba: kwamba mwaka 1948, huko Marekani, Arthur Warn alianzisha kampuni ya kutengeneza habu za namna hii kwa ajili ya magari ya Jeep, ili yaweze kwenda barabarani bila kuzungusha mitambo ya mbele muda wote. Mama akasema, "Ahaa," kwa sauti ile anayoitumia kwa wagonjwa.

Nikakunja suruali, nikashuka. Upande wa kushoto gurudumu lilikuwa limekaa juu kidogo; nikazungusha swichi kwenda kulia, LOCK, *klik*. Upande wa kulia hakukuwa na gurudumu. Kulikuwa na tope, na nusu ya juu ya tairi. Nikapiga goti, nikazamisha mkono mpaka kwapani, shavu langu likiegemea tairi, nikapapasa mpaka nikaipata swichi. Nikaizungusha kwenda kulia. Ikagoma. Nikakaza. Ikagoma kabisa.

Hapo ndipo akili ilipoingilia. Nikajiambia: upande huu ni kinyume cha ule, kama mkono wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo lazima hii ifungwe kwa kwenda kushoto. Nikazungusha kushoto. Ikaenda laini kama siagi. *Klik*. Nikainuka nimepakwa tope nusu ya mwili kwa urefu, nikawaonyesha dole gumba kwenye kioo.

Nikaingia, nikavuta kijiti cha fowili, taa ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta. Nyuma gurudumu moja likazunguka kama feni. Gari likateremka.

Shemeji akafungua mlango, akachungulia. "Shemeji, ya mbele hayazunguki."

"Yanazunguka. Huyaoni kwa sababu ya tope."

"La kushoto liko nje kabisa, shemeji. Limetulia."

"Taa inawaka!" nikasema, nikiigonga dashibodi. Taa ilikuwa inawaka, ni kweli. Ila taa ile hueleza habari za kule kwenye transfa tu, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ya kwenye habu haiyajui.

Mama mkwe akateremsha kioo, akatazama mbele kwa utulivu. "Mwanangu," akasema, "hata mimi naliona. Limetulia."

Tukachimba. Tukatia mawe, tukatia matawi, tukatia zulia la buti. Kijigari kidogo cha kwenda sokoni, hakina fowili wala ndoto ya fowili, kikatupita kwa pembeni penye majani, dereva akapiga honi kwa heshima. Baada ya saa moja na nusu akaja kijana na trekta. Akazunguka gari letu mara moja, mikono mfukoni. "Mzee, si fowili hii?" Nyuma kuna stika kubwa ya 4x4, nami nilikuwa nimeshakwenda kuiegemea. Akafunga mnyororo, akatuchomoa kama jino la mtoto.

Walipokuwa wanamshukuru, nikachukua chupa ya maji nikaenda upande wa kulia, eti kusafisha. Nikamimina taratibu. Tope likachuruzika, ikatokea F. Nikaendelea kumimina nikiwa na tumaini, ingawa LOCK haina F. Ikatokea R. Sikuhitaji kuona zilizobaki.

Nikaiona Jumapili yote usoni pangu, ile foleni ya watoto, LOCK, FREE, LOCK, FREE. Mtoto wa mwisho aliiacha LOCK. Ndiyo maana njia nzima kulikuwa na mvumo, na ndiyo maana swichi iligoma kwenda kulia: ilikuwa imeshafika mwisho. Habu ilikuwa imefungwa vizuri, tayari kwa kazi, nikaingiza mkono hadi kwapani nikaifungua. Nilijifungua mwenyewe, matopeni, bila mkunga. Na difu ya mbele, kama difu zote za kawaida, haipendi kujisumbua. Ukiiachia upande mmoja mlegevu, nguvu yote inapita huko. Kwa hiyo shafti ya kulia ilizunguka hewani kwa furaha ndani ya habu, la kushoto likatulia kama lilivyoonekana.

Nikatazama huku na huku. Nikazungusha kwenda kulia, LOCK. Nikarudi kwenye usukani, nikasema tope lilikuwa zito isivyo kawaida. Shemeji, kama unasoma hapa, leo ndiyo mara ya kwanza nalisema hili, na kijiko pia ni sisi.

Sasa nilikuwa na deni la heshima. Nikaiacha fowili, taa iwake, mama aione njia nzima. Sehemu ya udongo tulikwenda vizuri mno. Tukaingia lami kavu, na kwenye kona ya kwanza usukani ukawa mzito; ya pili, matairi yakalia; ya tatu, gari likawa linarukaruka kama lina kwikwi. Kwenye kona magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo huteleza ikaisha, lakini lami haitelezi, na transfa yangu haina pa kuipumzishia. Mitambo ikawa imejisokota kama kamba ya kutekea maji kisimani. Nilipofika karibu na geti nikavuta kijiti kutoa fowili. Hakikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili. Mke wangu akavuta juu ya mikono yangu.

Dawa ni moja. Unarudi nyuma, mitambo ijinyooshe, kijiti kiachie.

Nikaingiza gia ya nyuma kimyakimya, taa za nyuma zikawaka, na mlango wa jirani ukafunguka. Alitoka na mswaki. Alisimama sekunde moja, kama mtu aliyeitwa tena kazini, kisha akaingia katikati ya njia na kuinua mikono yote miwili.

"Rudi!" akaita. "Rudi! Rudi! Rudi!"

Kiti cha nyuma, mama mkwe akaweka kikapu vizuri mapajani. "Ahaa," akasema.