Jua la Toronto Lilivyoniumbua

Rafiki yangu wa kazini hapa Toronto, Myahudi wa Kiorthodoksi, aliposhindwa kuchagua ketuba ya arusi yake alinikabidhi mimi kazi hiyo, kwa hoja kwamba mwanamke wa Mombasa aliyezoea kuchagua kanga hawezi kushindwa na karatasi. Ketuba ni mkataba wa ndoa uandikwao kwa Kiaramu, ambamo mume hujifunga kumlisha na kumvika mkewe, na kwa kawaida kumwekea zuzi 200, sarafu za kale za fedha, iwapo atamwacha au kufa kabla yake. Mimi masharti sikuyatazama sana. Macho yangu yalikuwa kwenye makomamanga yaliyozunguka ukingo, mekundu, yenye mbegu za dhahabu zilizochorwa moja moja.

Fomu ya kuagizia iliuliza kama ndoa itafungwa kabla ya jua kuzama au baadaye. Arusi ilikuwa Jumapili, 16 Desemba 2018, saa kumi na moja na nusu jioni, nami niliyekulia mahali ambapo jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima nikaweka alama kwenye "kabla" bila kufikiri. Palikuwa pia na shauri la kumpelekea rabi, kiongozi wao wa dini, nakala aikague kwanza; nikaliruka kama dimbwi.

Siku yenyewe, saa kumi na robo, rabi alivaa miwani, akaisoma ketuba, akatazama dirishani, akaisoma tena.

"Tarehe hii kaijaza nani?"

Ilikuwa imeandikwa 8 Tevet 5779, tarehe ya mchana ule kwa kalenda ya Kiyahudi. Desemba jua la Toronto huzama kabla ya saa kumi na moja kasorobo, na siku ya Kiyahudi huishia hapo hapo, kwa hiyo hati hiyo ikisainiwa usiku ingekuwa imetangulizwa tarehe, nayo ni batili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kwetu Pwani siku huingia Magharibi. Usiku ule mimi mwenyewe ningeuita usiku wa Jumatatu.

Ikabidi isainiwe kabla jua halijazama. Bwana arusi, tai ikiwa bado mkononi, alisimama tayari kuinua kitambaa cha rabi mbele ya mashahidi, kuonyesha kwamba ameyakubali masharti. Walihitajika mashahidi wawili wasio jamaa. Mjomba wa bibi arusi akaja na kalamu yake, akarudishwa kwa udugu wake. Nilipojitolea mimi, rabi alitabasamu kwa adabu tu. Shahidi wa pili alikuwa nje akitafuta pa kuegesha gari. Nilitoka mbio kwenye theluji na viatu vya visigino, nikamvuta mkono, gari tukaliacha limeziba lango la watu, na injini inanguruma.

Kitambaa kikainuliwa, naye shahidi akasaini huku theluji ikimdondoka ukosini. Tone moja liliangukia wino. Ketuba sasa imetundikwa sebuleni kwao, na wageni husifu komamanga la chini kulia, wakidhani lile doa jeusi ni jani.