Wasomesheni manesi wodini

Juzi msibani Ngamiani mzee mmoja alisema manesi wa siku hizi wanapenda semina kwa ajili ya posho, na watu wakamwitikia. Imeniuma. Wifi yangu ni mkunga hapahapa Tanga. Akitoka zamu ya usiku, miguu imemvimba, anaegemeza simu kwenye ndoo ya maji na kusikiliza somo kwa bando alilonunua mwenyewe, maana pointi za masomo ya kujiendeleza zisipotimia leseni yake ya kazi haihuishwi. Posho gani hiyo?

Sina ugomvi na Baraza la Uuguzi na Ukunga kudai pointi. Asiyejinoa asinipokelee mtoto. Ninachogombea ni wapi wanasomea na namna gani.

Mtoto akizaliwa hapumui, mkunga ana dakika moja tu, ile wanayoiita dakika ya dhahabu. Amkaushe, amsugue mgongo, asipolia amwekee barakoa ya ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono, na kumpulizia hewa hadi kifua kiinuke. Barakoa ikiachia kidogo pembeni, hewa yote inatokea hapo. Mkono haujui hilo kwa kutazama slaidi. Haydom, kule Manyara, walilipima jambo hili: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafaulu vizuri kwenye mdoli wa mazoezi, lakini leba mambo yakabaki yaleyale. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Na Haydom ni hospitali ya kijijini, kwa hiyo nani atatuambia Tanga haiwezekani?

Semina za hotelini zina faida yake, haya, hasa mwongozo wa matibabu unapobadilika. Ila anaitwa mmoja, na aliyebaki zamu Pangani au Kilindi anasimuliwa.

Wakuu wa hospitali, wekeni mdoli na ambu ya mazoezi leba. Dakika 10 watu wanapopokezana zamu, muuguzi kiongozi asaini, na saini hiyo ihesabiwe kwenye pointi. Na anayefanya zamu peke yake mpeni mwenzake kwanza, kwa sababu hawezi kushika mdoli huku mama yuko kitandani anasukuma.