Lori Langu Lina Sili, Folda Yangu Haina

Mimi ni dereva wa trela. Kwa miaka 19 nimebeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala, njia ya zaidi ya kilomita 1,000, na katika muda huo wote sijapoteza hata katoni moja ya sabuni. Kontena langu lina sili, sili ina namba, namba imeandikwa kwenye makaratasi, na makaratasi yamo ndani ya bahasha ya kaki ambayo haijawahi kulala mahali pengine isipokuwa nyuma ya kiti changu. Niamshe usiku wa manane hapa nyumbani Malaba, uniulize karatasi ya mizani ya Mariakani iko wapi, nitanyoosha mkono kabla sijafumbua macho. Lakini ukiniuliza liko wapi faili nililolipakua juzi kwenye kompyuta yangu mwenyewe, iliyo sebuleni kwangu, juu ya meza niliyoinunua kwa posho ya safari, nitakuomba siku tatu na mashahidi wawili.

Najua unajiuliza dereva aliye likizo anatafuta nini kwenye mchezo wa kuendesha lori. Mke wangu alijiuliza kabla yako, akataka kujua kama mwuza samaki naye akifika nyumbani hukaa sebuleni kuchora samaki. Mchezo wenyewe ni Euro Truck Simulator 2, ambao kampuni ya SCS Software ya mjini Prague iliutoa Oktoba 2012. Ndani yake unabeba mizigo katika miji ya Ulaya, unanunua malori, unaajiri madereva, na unalala kwenye maegesho ambayo hakuna mtu anayekufyonzea dizeli ukiwa usingizini. Jambo moja tu hunitaabisha barabarani: ukitoka Dover, ambako Waingereza huendesha kushoto kama sisi, ukashuka Calais, mikono hukumbuka Tororo, na trela likaingia uso kwa uso na basi la Wafaransa. Hata hivyo, hilo ni kosa la barabarani, na makosa ya barabarani nayamudu. Kilichonishinda ni folda.

Mchezo huu una modi. Modi ni kikorombwezo kinachotengenezwa na mashabiki ili mchezo uwe na kitu ambacho wenyewe hawakukiweka: lori jingine, barabara nyingine, mvua kali zaidi, honi ya kutisha zaidi. Huja kama faili lenye mkia wa .scs, nawe unaliweka katika folda iitwayo mod, iliyomo ndani ya folda ya mchezo, iliyomo ndani ya Nyaraka, folda ambamo kompyuta huweka hati za mtu. Basi, kazi imekwisha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma Mbale, alinieleza hayo kwa dakika mbili, akachomeka flashi yake, akamimina modi 61, akanywa chai, akaondoka. Tangu siku hiyo kompyuta ile haikuwa yangu tena.

Faili la kwanza liliitwa basi. La pili liliitwa basi_mpya. La tatu, basi_mpya_kabisa. La nne, basi_mpya_kabisa_HII. La tano, ambalo kwa tarehe lilikuwa kongwe kuliko yote, liliitwa basi_ya_mwisho. (Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zetu, na mimi niliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu kijana huyu hupatanisha sarufi kama anavyopanga mafaili.) Nilimpigia simu.

"Mjomba, wewe tumia ile ya HII," akasema.

"Na hizi nyingine nizifute?"

"Usizifute, Mjomba! Moja wapo ndiyo yenye honi."

"Ipi?"

Hakumbuki. Kwa hiyo nikawa natunza mabasi matano, yote ya rangi ile ile ya mabasi yanayotoka Kampala kwenda Nairobi usiku, kwa kuogopa kupoteza honi moja. Laiti ningefika mpakani na hati za namna hiyo, hadi leo ningekuwa pale dirishani nikimweleza afisa tofauti kati ya sabuni_mpya na sabuni_mpya_kabisa.

Sitaki kumlaumu kijana peke yake, kwa maana mimi mwenyewe nilipoanza kupakua modi zangu nilifanya makubwa kuliko yake. Modi ya intaneti hufungwa kama kabichi. Unafungua faili la zip, ndani unakuta faili la rar. Unalifungua, unakuta folda. Ndani ya folda kuna picha ya lori, waraka wa mtengenezaji anayekusihi usiigawe kazi yake bila ruhusa, na mwishowe, chini kabisa, lile faili la .scs lenyewe. Unalichukua hilo, unalipeleka panapostahili, na majani yote ya kabichi yanabaki katika Vipakuliwa, kila jani likiwa na uzito karibu sawa na kabichi nzima. Wiki mbili baadaye unasahau kama ulishalipakua, unalipakua tena, na kompyuta kwa adabu zake inaliongezea namba (1) mwishoni mwa jina, kisha (2), kisha (3). Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na mimi hujifariji kwamba kuna kalavati mahali fulani lililojengwa kwa usahaulifu wangu.

Kisha kuna suala la foleni. Modi zikishakuwa ndani ya folda, unazipanga katika orodha ndani ya mchezo, na iliyo juu huishinda iliyo chini pale zinapogusa kitu kimoja. Mimi nilizipanga kwa alfabeti, kwa sababu ndivyo mwalimu wangu wa darasa la tatu alivyotufundisha kupanga vitu. Ikawa modi mbili za sauti zinagombea injini moja, na iliyoshinda si ile niliyoipenda, bali ile iliyoanza na herufi A. Nayo ramani, ambayo ingepaswa kupangwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wake, niliiweka kwenye R. Siku niliyoiondoa ili niipange upya, mzigo wangu wa jibini ulifutwa na lori likarudishwa gereji kimyakimya, kama mtoto aliyekutwa dukani saa za masomo.

Mchezo unapopanda toleo, hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa modi iliyotengenezwa kwa toleo la zamani inaweza kuuangusha mchezo mzima kabla hujaliona hata lori. Dawa ni kusoma faili la game.log.txt, ambamo mchezo huandika kila kilichousibu. Nililifungua. Nimewahi kusoma sheria za forodha za nchi mbili kwa mkupuo mmoja, lakini mistari ile iliniangusha kabla ya saa sita usiku.

Ndipo nilipoamua kwamba mwenye nyumba ni mimi, na folda zitapangwa. Nilianza na majina. Folda ya mod niliibadilisha ikaitwa Vikorombwezo, jina zuri, la Kiswahili fasaha, lenye heshima. Nikawasha mchezo, mchezo ukaniambia kwamba modi zangu zote hazionekani. Kumbe unatafuta herufi tatu zile zile, wala haujali ufasaha wa mtu. Nikalirudisha jina la mod kwa uchungu. Baada ya hapo nikatunga kanuni: kila faili ndani ya Nyaraka ambalo jina lake linaishia na neno mpya ni la mpwa wangu, kwa hiyo lihamishiwe ndani ya mod likakae na wenzake. Kanuni hiyo niliitekeleza jioni moja na nusu. Ikumbuke, maana tutairudia.

Kwa wakati huo diski C ilikuwa imejaa hadi ikageuka nyekundu. Mpwa wangu akaja Jumamosi na diski ya pili ya gigabaiti 500, akauhamishia mchezo huko D. Tulipoangalia C, nafasi iliyopatikana haikutosha, kwa sababu mchezo ulikuwa umehama lakini mizigo yake imebaki: folda ya mod hukaa katika Nyaraka, na Nyaraka ziko C, hata mchezo wenyewe ukiuhamishia mwezini. Kijana akaihamisha na folda ya mod hadi D, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala urembo, akaandika mstari mmoja unaoanza na neno mklink, akabonyeza kitufe.

"Mjomba, sasa pale C kuna mlango tu. Mzigo wenyewe uko D. Mchezo ukipita mlango wa C, unatokea D, wala haujui kwamba umehamishwa."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza daktari akitaja jina la dawa. Akala matoke, akaondoka.

Jumapili mchana, nyumba ikiwa kimya, nilikaa kukagua. Nikafungua mod ya C, nikakuta gigabaiti 38. Nikafungua mod ya D, nikakuta gigabaiti 38. Majina ni yale yale, tarehe ni zile zile, mabasi matano huku na mabasi matano kule. Nikacheka peke yangu. Nikasema kijana huyu, pamoja na elimu yake yote, amenakili mzigo akasahau kuuondoa wa kwanza, na sasa diski yangu inabeba shehena mbili kwa hati moja. Nikapita kwa C, nikachagua yote, nikabonyeza Shift na Delete kwa pamoja ili yasije yakajaza pipa la taka. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Mimi ni mtu wa uhakika.

Kisha nikaenda D kuitazama ile nakala iliyobaki, nikakuta folda nyeupe kama sahani ya mtoto aliyeshiba.

Nilichokuwa nimefanya nilikuja kukielewa baadaye, tena polepole. Nilikuwa nimeingia stoo kwa mlango wa mbele nikaona magunia, nikazunguka nikaingia kwa mlango wa nyuma nikaona magunia, nikadhani ni stoo mbili, nikaita vibarua wachome ya mbele.

Nitakiri jambo moja, ingawa halinipendezi. Nilipowasha mchezo ukiwa mtupu, ulifunguka kwa haraka ambayo sijawahi kuiona. Baada ya kuniambia tena kwamba modi hazionekani, hakukuwa na onyo jingine wala mstari mwekundu, na injini iliunguruma kama walivyoitengeneza wenyewe. Nilitoka Rotterdam na mzigo wa matofali nikiwa na amani ile unayoipata ukirudi na trela tupu, umeshashusha, umeshalipwa, na mizani huiogopi. Nilikuwa karibu na Brussels mke wangu aliposimama nyuma yangu.

"Mzee, nipishe kidogo. Nataka kuingiza michango ya jana. Lile faili la kikundi umeliweka wapi?"

Kikundi chao cha kuweka na kukopa kina wanawake 25, na hesabu zao zote zimo katika faili analolitunza yeye, kwa sababu ndiye katibu. Faili hilo linaitwa Akiba_mpya.

Nilizima lori katikati ya barabara kuu ya Ubelgiji. Sitaeleza mazungumzo yaliyofuata, ila nitasema kwamba mke wangu hakupandisha sauti, na mtu aliyewahi kuoa ataelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Tulitafuta katika pipa la taka, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliruka kwa Shift. Tulitafuta katika simu ya mweka hazina. Mwishowe binti yetu ndiye aliyelipata, ndani ya Vipakuliwa, katika Folda Mpya (7), katikati ya majani ya kabichi, likiwa limetumwa kwa WhatsApp majuma mawili kabla. Folda Mpya (7) ilikuwa kwenye orodha yangu ya kufutwa Jumatatu.

Lakini majuma mawili yalikuwa yamepotea, na njia ya kuyarudisha ilikuwa moja tu: kila mwanachama ana kitabu chake kidogo ambacho hugongwa mihuri anapotoa mchango, kwa hiyo vitabu 25 vilihitajika mezani kabla ya giza. Nikapanda bodaboda. Nilipita kwa mama wa chapati, kwa mshonaji, kwa mwalimu wa chekechea, kwa bibi mmoja ambaye alikataa kunipa kitabu mpaka apigiwe simu na katibu mwenyewe, na kila nyumba waliniuliza imekuwaje. Nilijibu kwamba ni matatizo ya kompyuta. Hakuna hata mmoja aliyeniamini, kwa kuwa mke wangu alikuwa ameshaandika katika kundi lao la WhatsApp.

Usiku huo nilikaa kando yake nikisoma mihuri kwa tochi ya simu, kwani ile ya wino hafifu haionekani kwa taa ya sebuleni.

"Mama wa chapati, juma la pili?"

"Mitatu."

"Angalia vizuri, Mzee."

"Mitatu, na wa nne umegongwa ukingoni."

Alipomaliza alihifadhi faili, akatengeneza folda moja katikati ya kioo, akaipa jina MZEE ASIGUSE, akalitumbukiza humo, kisha akalituma pia kwa binti yetu, kwa mweka hazina na kwa dada yake aliye Jinja. Alifanya yote hayo kwa muda ambao mimi hutumia kufungua zip moja.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mpwa wangu, sauti imejaa furaha.

"Mjomba, nimekumbuka! Honi iko kwenye basi_ya_mwisho. Hizo nyingine zote unaweza kufuta."