Eti nitumie kompyuta

Juzi niko kwenye daladala, foleni ya Mbagala imegoma, nikamfunga jamaa mmoja gemu tamu ya chesi kwenye app ya simu ninayochezea, nimetoa farasi sadaka mfalme wake akabaki uchi katikati ya ubao, nikasema hii lazima mjomba aione maana yeye ndiye aliyenifundisha. Nikatafuta kwenye app pa kuishusha hiyo gemu nimtumie, hamna. Nikabonyeza vile vitone vitatu, hamna. Nikaenda kwenye maelezo ya msaada ndo nakuta: kushusha mchezo, tumia kompyuta.

Kompyuta ipi sasa jamani? Wengine simu ndiyo kompyuta, ndiyo benki, ndiyo kila kitu. Na kwenye tovuti ya hao hao wenye app hiyo batani ipo, kwa hiyo sio kwamba imewashinda, ni kwamba wa simu tusubiri. Na wala sio mzigo, PGN, yaani faili la kuandikia hatua za gemu, ni maandishi matupu, e4 e5 Nf3 basi, gemu ya hatua 40 ni kama kilobaiti moja hivi, wakati tangazo la video wanalonitupia kabla sijacheza linakula bando la gemu zangu za miezi.

Ila kinachoniuma hasa ni saa. Kwenye simu unachagua dakika 5 au 10, hakuna sekunde za nyongeza. Bobby Fischer, yule bingwa wa dunia wa zamani, alipeleka maombi ya hataza ya saa yenye nyongeza hizo mwaka 1988, akaitumia alivyorudiana na mpinzani wake wa zamani Spassky Yugoslavia 1992, yaani hiki kitu kina umri mkubwa kuliko wachezaji wengi ninaokutana nao humo. Na sisi wa mtandao wa kuokoteza ndo tunakihitaji kuliko mtu yeyote, maana ukicheza 5+3 kila hatua inakurudishia sekunde 3, mtandao ukikwama kidogo bado unapumua. Mimi nilikuwa nimemzidi mpinzani ngome nzima, mtandao ukakata pale Mtoni Mtongani, uliporudi nimeshashindwa kwa muda. Ngome nzima!

Nikahamia Lichess, app nyingine ya chesi, wiki mbili nikaone. Ile aliianzisha Mfaransa, Thibault Duplessis, 2010, inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, nyongeza unaweka unavyotaka, gemu unaitoa kwa simu hiyo hiyo. Na uchambuzi wa gemu kwa Stockfish, ile programu ya kuchezea chesi, unafanya mpaka uchoke. Kwenye app yangu uchambuzi ni gemu moja kwa siku, ya pili lipia, wakati Stockfish yenyewe ni programu huria na hii simu yangu ya kawaida inaiendesha vizuri tu, inapata joto kidogo lakini inaenda.

Sio kwamba Lichess haina kasoro, kupanga hatua kabla mpinzani hajacheza inakuruhusu moja tu, ile app yangu unapanga hata nne mfululizo, na ukibakiwa na sekunde 2 hiyo ni roho yako. Hapo nawavulia kofia. Halafu kijiwe chetu chote kiko kule, nikihama nitacheza na nani, kwa hiyo nimerudi, nanung'unika huku nacheza.

Ile gemu ya mjomba niliishia kupiga skrinshoti hatua kwa hatua, picha 31, nikazituma WhatsApp. Kesho yake asubuhi akajibu: "Mjomba, farasi ametokea wapi? Kuna picha umeruka."