Baba Mhamiaji Aandikwe kwa Frasila na Pishi

Ipo rafu moja kwenye maktaba za mitaa huku Uingereza inayonitia wivu, na sioni haya kusema. Ni rafu ya vitabu vya watoto walioandika maisha ya baba zao wahamiaji: Mpunjabi aliyefanya kazi kiwanda cha kuyeyushia chuma, Mjamaika aliyekuwa kondakta wa basi, Muairishi aliyechimba barabara. Mtoto anamtaja baba yake kwa mshahara wa wiki, kwa chumba walicholala watu sita kwa zamu, kwa kidole kilichokatwa na mashine. Hamwonei haya hata kidogo.

Kwetu baba wa aina hiyo tunaye, tena katoka kila upande. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vimejaa watoto na wajukuu wa watu walioletwa na pepo za kaskazi kutoka Shihr na Mukalla, bandari za Hadhramaut huko Yemeni, waliopanda kutoka Ngazija, Wanyamwezi waliovuka kuja kuchuma karafuu, Wamakonde waliokuja kutafuta kibarua wakabaki. Mzee akifa tunamsomea khitma, tunakula, tunasema alikuwa mvumilivu, mcha Mungu, mtu wa watu. Khitma ni haki yake na sina neno nayo. Lakini sifa hizo tatu zinamfaa kila aliyezikwa Mwanakwerekwe, na mjukuu anabaki hajui babu yake alibeba nini mgongoni.

Watanambia: umekaa Ulaya, sasa unatufundisha kuwaheshimu wazee wetu. Hasha. Huku wapo wanaomwandika baba vizuri kisha wakamwacha peke yake nyumba ya wazee. Kwetu mzee hufia mikononi mwa wanawe, na katika hilo hawatufikii. Kumuuguza tunajua. Kumwandika ndiko kunakotushinda, na sikubali kwamba ni kwa sababu hatuna cha kuandika.

Tazameni mwaka 1948. Mwezi Juni meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury na abiria kutoka Karibea. Orodha yao, jina, umri na kazi, imehifadhiwa mpaka leo, na mjukuu anaanzia hapo. Mwezi Agosti mwaka huo huo wachukuzi wa bandari ya Unguja, wengi wao watu wa bara, waligoma na mji ukasimama. Wale nao walikuwa wahamiaji na baba za watu. Ni wajukuu wangapi mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, leo wanaoweza kusema babu yangu alikuwemo, alidai kadhaa, akapata kadhaa?

Basi ukitaka kumwandika, anza na vitu. Ukimuuliza mzee "maisha yalikuwaje?" atakujibu "tulihangaika, alhamdulillahi", na mazungumzo yamekwisha. Muulize gunia la kwanza alilobeba lilikuwa la nini, frasila ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na gari la hamali lilisukumwa na watu wangapi. Frasila ni kama kilo 16, kwa hiyo akisema frasila nne umepata kilo 64 juu ya bega la kijana. Kama alichuma karafuu Pemba, muulize alilipwa nini kwa pishi, na pishi hiyo ilipimwa kabla au baada ya kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Pishi ni kipimo cha ujazo, vibaba vinne, wala si uzito. Tena karafuu ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wa mbichi. Ukichanganya mbichi na kavu utampa baba yako kazi mara tatu ya aliyoifanya, na msomaji wa Wete, huko Pemba, atakifunga kitabu hapo hapo. Kama aliuza kahawa, muulize dele, lile birika la kahawa, lilijaza finjani ngapi, mzunguko ulianza baada ya sala gani, na iliyobaki aliipeleka wapi. Tabia ya mtu imo humo. Aliyegawa kahawa iliyobaki na aliyeipasha moto kesho yake ni watu wawili mbalimbali, na huna haja ya kuongeza kwamba mmoja alikuwa mkarimu.

Tarehe zitakusumbua. Wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na wale waliofika huku walipewa tarehe 1 Januari ili fomu ijae. Mfungamanishe na matukio: vita vya ng'ombe, wakulima walipokataa ng'ombe wao kuchanjwa, ni 1951, fujo za uchaguzi ni Juni 1961, Mapinduzi ni Januari 1964, foleni za mchele ni mwanzo wa miaka ya 70. Shilingi anazozitaja kabla ya 1966 ni za Afrika Mashariki, si za Tanzania. Akihesabu umri kwa mwaka wa Kiislamu, miaka yake 70 ni karibu 68 ya kalenda ya kizungu. Msimu nao ni shahidi: jahazi la Shihr lilikuja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, na kurudi na kusi. Akisema alifika katikati ya kusi, muulize tena kwa upole, labda alipitia Mombasa au Lamu akakaa.

Majina ndiyo yanayowapoteza wengi. Sisi tunataja jina letu, la baba, la babu, kwa hiyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Karatasi za huku zinalichukua la mwisho kama la ukoo, na baba na mwana wanaonekana hawahusiani. Ukienda ofisi ya Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, ambako majalada mengi ni ya Kiingereza na Kiarabu, nenda na majina yote matatu na kila namna yanavyoweza kuandikwa.

Kumrekodi hakutaki mitambo. Baada ya alasiri, saa moja tu, isizidi. Zima pangaboi, maana sauti yake ndiyo inayoharibu rekodi nyingi. Weka simu juu ya kitambaa karibu naye, uikate mtandao wote, wa simu na wa intaneti, ili isiingie simu ukapoteza kila kitu. Usiku huo huo nakili sehemu mbili. Baada ya mwezi muulize kisa kile kile. Vikitofautiana, viandike vyote viwili.

Wapo watakaosema nataka kuturudisha kwenye ukabila. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu ni kinyume chake. Baada ya 1964 familia nyingi zilificha asili yao, na walikuwa na sababu, simlaumu mtu. Lakini aliyetoka Mukalla au Tabora akajenga nyumba Kikwajuni na kuzikwa hapa ni Mzanzibari kwa jasho lake, na ukilificha jasho umeiondoa hoja yenyewe. Wengine watasema aibu za mzee hazianikwi. Nakubali. Deni la mtu aliye hai, talaka, ugomvi wa urithi, viache. Ila kusukuma gari la hamali si aibu, wala kulala barazani kwa watu si aibu. Na mke aliyeachwa ng'ambo ya bahari ana watoto, nao ni ndugu zako. Waulize kwanza, usiwafute.

Na kama mzee hataki kuzungumzia mwaka fulani, andika kwamba hakutaka. Usimtungie maneno. Kisha mtafute aliyefanya naye kazi, au mwanamke aliyemwekea fedha zake, maana hesabu mara nyingi ilikaa kwa wanawake. Mfuate kabla ya Ramadhani kuingia, maana mwezi ule wazee huchoka mapema.