Sikukimbizwa na Kobe, Nilikaliwa

Mlioiona video jana usiku, salamu. Ambao hamjaiona, subirini tu, itawafikia, maana rafiki yangu fundi simu wa Darajani ameitupa kwenye kila grupu alilomo, mpaka la harusi ambayo ishapita. Juu yake kaandika: "Shabiki wa Simba akimbizwa na kobe." Uongo mtupu. Hakuna aliyenikimbiza. Nilikaliwa. Hizo ni kesi mbili tofauti na hukumu zake tofauti.

Mama yuko kwangu, kaja kutoka Tanga kupumzika. Mama yangu kupumzika kwake ni kufua. Jana naamka nakuta kamba nzima ya uani imejaa suruali zangu, hata zilizokuwa zimeshapigwa pasi. Nauliza, naambiwa zilikuwa zinanuka kabati. Kikavu kilichobaki nyumba nzima ni kikoi, na bukta aliyoisahau mdogo wangu siku alipolala kwangu. Bukta ya kijani na njano. Ndiyo, hiyo hiyo, ya watani wetu Yanga. Ndugu zangu wa Msimbazi, kabla hamjanitoa kwenye grupu, niambieni nyie mngevaa nini chini ya kikoi siku ya upepo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kistaarabu. Mama, mimi na huyo fundi tunapanda boti pale Mizingani, kwenye Mti Mkubwa, tunakwenda kisiwa cha Changuu, mama aone makobe, tule chapati na samaki wa kukaanga, tukae kivulini mpaka alasiri. Kwenye boti mama alipewa jaketi la kuokolea, akalivisha hotpoti. Akasema yeye kazaliwa pwani, chapati hazijui kuogelea.

Kisiwani kijana mwongoza wageni akatupa habari: kobe wa kwanza walikuwa 4, waliletwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa huko. Dume likikomaa hufika hata kilo 250. Umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni. Mama kusikia umri, akaweka mtandio sawa, akamwendea mkubwa wao, akapiga goti: "Shikamoo babu." Mtalii mmoja akadhani ndio utaratibu wa kisiwa, naye akapiga goti.

"Na wewe msalimie," mama akaniambia.

Nikacheka. Kumbukeni hapo.

Sasa, kobe hawa ukiwakuna shingoni wanapenda mno. Hunyoosha shingo na kujiinua kwa miguu yote minne kama gari lililopigwa jeki. Yule kijana akanionyesha, akanipa fungu la mchicha, kisha akaitwa na kundi jingine. Nikachuchumaa ubavuni mwa babu, nikakuna. Babu akanyanyuka. Fundi na simu yake: "Sogea kidogo, hapo mwanga haukupati." Nikasogea. Pindo la kikoi likaingia chini ya gamba, kimya kimya, bila taarifa. Nikaacha kukuna ili nitabasamu vizuri.

Fuuuuuuu.

Kobe akirudisha kichwa ndani kwa ghafla, pumzi humtoka kwa mlio. Leo najua. Jana nilijua nyoka. Nikaruka. Yaani mwili uliruka, kikoi kikabaki, kwa sababu babu alikuwa ameshashuka juu ya pindo na kilo zake zote. Fundo la kiunoni likasalimu amri. Nikatua kwa makalio juu ya majani makavu na vingine ambavyo si majani, kikoi kimejizungusha miguuni, bukta ya Jangwani hadharani mbele ya mataifa.

Mama akaja mbio. Nikajua anakuja kuuliza kama nimeumia.

"Hiyo bukta ya nani?"

Navuta kikoi, hakitoki. Nataka kumkuna babu tena anyanyuke, kichwa kakiingiza na miguu ya mbele kaifunga mlango. Ndipo nikamwona wa pili. Katokea kichakani, chini yake kuna mchicha nilioumwaga, bado mbichi. Akaupita. Macho yake kwenye kijani nyingine. Sijui nani alimwambia kwamba ile nayo inaliwa, lakini alikuja.

Alinyanyua mguu. Akaufikiria. Akauweka. Akanyanyua mwingine.

Kuna mwenye kujifanya komando kaniandikia asubuhi: "Si ungekimbia tu?" Bwana mkubwa, kukimbia maana yake ni kukiacha kikoi kisiwani na kurudi Mizingani na bukta ile, nipite Forodhani watu wanakunywa juisi ya miwa. Nilipiga hesabu zote hizo na muda ukabaki. Nikawaza mpaka kodi ya nyumba. Yeye hatua moja.

"Niokoe basi," nikamwambia fundi.

"Ngoja, anakaribia kuingia kwenye picha."

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kivuli, anafungua hotpoti. "Nilikwambia msalimie mzee wa watu, ukacheka."

Hatua nyingine. Shingo ikaanza kutoka, ndefu, ina mikunjo, haina haraka. Kobe hana meno, ana mdomo wenye makali, na mdomo ule ulitua kwenye bukta, paja la kushoto, sentimita chache kutoka mahali ambapo ukoo wangu una matumaini napo. Akavuta. Nikasikia krrr.

Hapo ndipo ilinitoka ile sauti ambayo mmeigeuza kuwa mlio wa simu: "Shikamoo babu! Shikamoo! Naomba unyanyuke babu!" Na mkisikiliza vizuri, kwa nyuma yuko mama, mdomo umejaa chapati: "Na huyo mwingine je? Naye mkubwa kwako!"

Yaliyofuata ni mafupi. Kijana akarudi, akakuna, babu akanyanyuka, nikachomoa kikoi, tukala. Samaki nasikia walikuwa watamu.

Pale kisiwani kuna jela ya miaka ya 1890 ambayo haikuwahi kufunga mfungwa hata mmoja, ikaishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Tunaondoka namsikia yule kijana anawaambia wageni wapya kwamba mfungwa wa kwanza amepatikana leo, yule pale mwenye kikoi. Mama yeye kashapiga simu Tanga kwa dada zake wote, na kila akisimulia kobe anaongezeka kilo. Ananiuliza Jumamosi tunarudi saa ngapi.

Mdogo wangu kaja leo kuchukua bukta yake, kakuta ina tundu, anataka nimnunulie mpya. Nimempa nauli ya boti, akamdai aliyeila. Asisahau kusalimia.